Mistari Minne Ndani ya Suruali

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumamosi, fundi cherehani anafungua kufuli mbili za kibanda chake cha mabati, anatoa benchi nje na kuvuta futi iliyoning'inia shingoni mwake. Wanaume saba wanamsubiri. Wengine wamevaa ndala, wengine raba zilizochoka, na mmoja amevaa soksi mbili zisizofanana, kwa hiyo wenzake hawajampa nafasi ya kupumua tangu afike.

"Fundi, anza na mimi kabla mwenye soksi hajaamka," anasema dereva wa lori la mchanga, na benchi zima linacheka.

Fundi hacheki. Anamzungushia dereva futi kiunoni, anaisogeza hadi usawa wa kitovu, anainama kusoma.

"Achia tumbo. Usilivute ndani, hapa si ukweni."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Achia."

Dereva anaachia. Inchi arobaini na nusu. Fundi anaandika kwenye daftari lenye jalada la nailoni, kisha anamgeukia wa pili. Wakimaliza kupimwa watatembea pamoja mpaka uwanja wa mpira na kurudi, mwendo wa saa nzima, halafu kila mtu aende kwenye riziki yake. Hivyo ndivyo wanavyofanya kila Jumamosi, huu mwaka wa tatu. Watu wa mtaani wanakiita kikundi chao Kamati ya Vitambi.

Wa nane anafika amechelewa. Ni kinyozi, mwenye miaka thelathini na mmoja. Kwapani ana chupa kubwa ya maji, mkononi ana mfuko wenye suruali nyeusi.

"Kaka fundi, inanidondoka tena," anasema huku anatabasamu. "Nipunguzie. Zawadi yangu hiyo."

Wawili kwenye benchi wanaanza kupiga makofi. Fundi anainua mkono.

"Hakuna makofi hapa. Nilishawaambia. Makofi yalikwisha."

Kinyozi huyo ni mwanangu wa kuzaa. Nalisema mapema, msomaji asije akanikuta mbele akaniuliza mbona nilijificha. Lakini haya si maisha yangu, ni ya fundi, na nimeyaandika kwa sababu najua kuna akina mama wengi wanaoona watoto wao wa kiume wanapungua, wakafurahi, kama nilivyofurahi mimi.

Fundi ana miaka hamsini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hicho, kwenye cherehani ya miguu ambayo mkanda wake amekwisha kuubadilisha mara hajui ngapi. Ana madaftari sita ya vipimo. Ukitaja jina la mtu mzima yeyote wa mtaa ule, atakufungulia ukurasa na kukuonyesha kiuno chake cha mwaka aliooa.

"Mimi mambo ya madaktari siyajui," anasema. "Najua viuno. Mtu alikuja hapa ana inchi thelathini na mbili, nikamshonea suruali ya harusi. Miaka kumi baadaye ana arobaini na nne, anahema kwa kupanda kizingiti changu. Na kizingiti chenyewe ni tofali moja."

Yeye mwenyewe alikuwa na inchi arobaini na tatu. Siku moja mchana kichwa kilimzunguka akiwa anashona, akaangukia cherehani, sindano ikapita kwenye kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Zahanati walimtoa sindano, wakampima na presha. Muuguzi aliangalia mashine, akamwangalia yeye, akamwambia asinyanyuke kwenye kiti.

Kuanzia hapo alitakiwa kwenda kila mwezi. Anasema kwenda huko kulimshinda kuliko hata vidonge.

"Benchi lote akina mama na watoto wachanga. Mimi katikati, nimeshika kadi. Mama mmoja akaniuliza, 'Mwenzetu, umemleta nani?' Nikamwambia nimejileta. Wakacheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Mwezi uliofuata sikwenda."

Mhudumu wa afya alimfuata kibandani. Alimwambia, kama wanaume hawaji zahanati, basi yeye awakusanye hapo wanapopita kila siku, awafundishe kama mwenzao. Fundi na dereva wa lori wakapelekwa mafunzo ya siku mbili, wakapewa mashine moja ya presha na karatasi za picha. Wakarudi, wakaanza na watu watano.

Zawadi aliibuni fundi. Anayepungua inchi mbili anapunguziwa suruali yake bure, na kikundi chote kinampigia makofi. Kupunguza kiuno cha suruali si kazi ya dakika tano, unafumua mkanda na mshono wa nyuma ndipo ushone upya. Alikuwa anaifanya kwa moyo mmoja.

"Mwanaume akishaoa, hakuna anayempigia makofi tena mpaka afe," anasema. "Hapa akayapata. Watu walitoka mitaa mingine kuja kutafuta makofi."

Na kusema kweli, kazi ilionekana. Katika mwaka wa kwanza walifika ishirini na watatu. Kumi na mmoja waliacha sigara. Dereva wa lori alishuka kutoka inchi arobaini na sita. Wake zao walikuwa wanampitishia fundi salamu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia debe, nikamsukuma mwanangu ajiunge.

Halafu akaja Tofali.

Tofali lilikuwa jina la utani la fundi mwashi mmoja, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ghorofa ya tatu. Alianza na inchi arobaini na mbili. Baada ya miezi mitano alikuwa na thelathini na tatu. Suruali yake ya kaki, ile ya kuendea mikutano ya shule, fundi aliipunguza mara nne.

Soda aliacha siku ya kwanza. Akawa anatembea na dumu la maji la lita tano, kazini nalo, kwenye matembezi nalo. Ndani ya saa moja ya kutembea alikuwa anachepuka mara tatu kwenda kukojoa, na wenzake wanamtania kwamba amegeuka bomba.

"Nilimpandisha juu ya benchi hili," fundi anasema, anagusa ubao kwa kiganja. "Nikawaambia watu, mwangalieni mwenzenu. Huyu ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Tukapiga makofi mpaka mama wa mkaa hapo jirani akatoka kuuliza kuna harusi ya nani."

Jumanne moja Tofali alikaa kwenye fungu la mchanga kazini, akashindwa kunyanyuka. Wenzake walimwona anahema haraka haraka kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama tunda lililoiva likapita. Alipelekwa hospitali, akakaa siku mbili bila kumtambua mtu, ya tatu akafariki. Ilikuwa ni kisukari. Sukari ndiyo iliyokuwa inamkausha, ndiyo iliyompa kiu, ndiyo iliyomkondesha. Kila alichopigiwa makofi kilikuwa ni ugonjwa.

Hapo fundi anarudi kwenye kazi yake. Anachukua chaki, anachora mstari kwenye kitambaa cha mtu, halafu anaufuta kwa kidole kwa sababu ameukosea.

"Mafunzo yalikuwa siku mbili," anasema. "Ya kwanza presha, ya pili kisukari. Siku ya pili nilikaa mpaka saa sita, nikaaga. Nilikuwa na sare za shule hamsini za kumalizia, na watoto wanafungua Jumatatu. Nikasema moyoni, dereva yupo, atanisimulia."

Dereva anakubali kwamba hakusimulia. "Nilisinzia, dada yangu. Nilikuwa nimeendesha usiku kucha. Tulipewa na karatasi. Ilikuwa na picha ya mtu anakunywa maji. Sisi tukajua maji ni mazuri."

Karatasi hiyo niliomba niione. Ipo ukutani mpaka leo, imebandikwa kwa pini. Mtu anakunywa maji, mtu yuko chooni, mtu suruali inamvuka. Chini yake pana maandishi madogo yanayosema zote hizo ni dalili za hatari. Wao waliitundika kama picha ya mtu anayejitunza.

Wiki sita baada ya mazishi, mjane wa Tofali alikuja kibandani na ile suruali ya kaki. Alitaka itanuliwe, ampe kaka yake. Fundi ana tabia yake, hakati kitambaa anapopunguza, anakikunjia ndani, ili mwenye nguo akinenepa iwe rahisi kufumua. Akaigeuza suruali ndani nje.

"Shemeji, hii siiwezi," akamwambia.

"Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika. Sogea uone."

Nyuma ya suruali, kwenye mshono, kulikuwa na mistari minne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umesogea ndani zaidi. Mjane aliipitishia kidole. Haya amenisimulia mwenyewe, tumekaa jikoni kwake.

"Huu wa kwanza alirudi anaimba," alimwambia fundi. "Huu wa pili nilimtania kwamba sasa ataniacha aoe kijana mwenzake. Huu wa tatu alikuwa anaamka mara sita kwenda chooni. Na asubuhi nakuta sisimizi wamejaa chooni, nikawa nawamwagia maji ya moto. Nilidhani ni uchafu, kumbe wamefuata sukari. Huu wa nne nilikuwa nazihesabu mbavu zake."

"Tulimpigia makofi mara nne," fundi akasema.

"Na mimi nilipiga."

Mwishowe mjane akamwambia: "Kaa nayo. Kaka yangu atavaa nyingine. Itundike watu waione, lakini uigeuze hivyohivyo, waone ndani."

Mpaka leo iko kwenye msumari, juu ya cherehani.

Kikundi hakikusimama tena sawasawa. Wengine walisema futi ya fundi ina mkosi. Wengine waliona aibu tu. Kutoka ishirini na watatu wakabaki wanane. Fundi aliweka sharti jipya, kwamba hakuna suruali itakayopunguzwa bila karatasi ya zahanati yenye kipimo cha sukari. Mwanangu alikuwa amepunguziwa mara mbili kabla ya sharti hilo.

Sasa turudi Jumamosi ile.

"Karatasi iko wapi?" fundi anamuuliza kinyozi.

"Karatasi gani, kaka? Mimi ni mzima. Natembea kuliko wote hawa."

"Tofali naye alitembea."

"Unanifananisha na marehemu asubuhi yote hii?"

"Nakufananisha na suruali yake." Fundi anaitoa msumarini, anampa. "Hesabu mistari."

Kinyozi anahesabu bila kutaka. "Minne."

"Huo wako utakuwa wa ngapi?"

Kinyozi anafungua chupa, anakunywa, anafunga. Dereva anaangalia viatu vyake. Hakuna anayetania.

"Usiposhona wewe atashona mwingine," kinyozi anasema, anachukua mfuko wake. "Cherehani siyo moja mjini."

Akaondoka. Na kweli akashonewa kwingine siku hiyohiyo. Ana chumba chake uani kwangu, choo tunachangia, na Jumapili alikuja ndani amevaa suruali nyeusi imemkaa vizuri, shati amelichomekea. Mimi mama yake nikamwambia, "Umependeza, baba." Nimeandika neno hilo hapa ili nisije nikalikana.

Jioni fundi alibisha hodi. Hakutaka kukaa.

"Mama, nina swali la ajabu, unisamehe. Chooni kwenu mna sisimizi?"

Alhamisi nilikuwa nimewamwagia maji ya moto.

Nilimwambia nikamburute mwanangu saa ileile. Akanikataza. Alisema mwanaume aliyeburutwa na mama yake mbele ya mtaa atafika mlangoni mwa zahanati na kugeuka. "Niachie mimi," akasema. "Nilimpoteza mmoja kwa furaha. Huyu nitamsumbua kwa uchungu."

Jumatatu hakufungua kibanda. Saa mbili asubuhi aliingia saluni ya mwanangu, chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, akakaa kwenye kiti.

"Zote," akasema, anagusa kichwa.

Akanyolewa zote. Mwanangu akamkung'uta shingo kwa brashi, akamvua kitambaa.

"Tayari, kaka."

"Endelea."

"Niendelee na nini? Nywele zimekwisha."

"Ndevu."

"Huna ndevu."

"Basi nitangoja ziote."

Wateja watatu walikuwa wanasubiri. Wawili walicheka kwanza, baadaye wakaanza kuguna. Nusu saa ikapita. Fundi amekaa, mikono kwenye mikono ya kiti, upara unang'aa.

"Kaka, unanifukuzia wateja."

"Ndiyo."

"Unataka nini hasa?"

"Nataka twende wote zahanati. Kidole changu kinaanza kutobolewa. Tukikuta akina mama wanacheka, watanicheka mimi, wewe utakuwa umenisindikiza."

Mwanangu akasema ana kazi. Ndipo mteja wa tatu, mzee mmoja aliyekuwa kimya kwenye kona, akainuka akasogea kwenye mwanga. Alikuwa na plasta juu ya sikio.

"Hili ulinikata wiki iliyopita, mjukuu wangu," akasema. "Uliniambia nimejitikisa. Sikujitikisa. Wewe ulikuwa huoni vizuri. Nenda na mwenzio, mimi nitakulindia duka."

Mwanangu alisimama ameshika mashine ya kunyolea, inanguruma bila kunyoa kitu. Alikuwa na wiki tatu anaona ukungu, na hakumwambia mtu. Akaizima.

Zahanati benchi lilijaa akina mama kama kawaida. Hakuna aliyecheka. Fundi alitobolewa kidole kwanza, kile chenye kovu la sindano, sukari yake ikawa sawa. Mwanangu akatoa chake. Mashine haikuleta namba. Muuguzi akatoboa kidole kingine, akabadilisha na kijiti cha kupimia, haikuleta namba tena. Akawaeleza kwamba mashine ina mwisho wake wa kuhesabu, na sukari ya huyu imeupita. Mwanangu hakurudi nyumbani. Aliingizwa kwenye gari la wagonjwa akiwa anauliza nani atafunga saluni.

Alilazwa siku tisa. Sasa nimemhamishia ndani kwangu. Anajichoma sindano asubuhi na jioni, na anazijaza akiwa amezisogeza karibu na macho. Daktari amesema ukungu wa macho huenda ukaondoka, huenda usiondoke wote. Mashine ya kunyolea hajaishika. Anakaa kwenye kiti mlangoni na haongei sana, na anayekuja kumpa pole akimwambia amekonda vizuri, mimi namfukuza.

Akina mama wenzangu, nawaomba. Kijana akipungua upesi msimsifu kwanza. Muulizeni anakunywa maji kiasi gani. Muulizeni anaamka mara ngapi. Angalieni choo kabla ya kumwaga maji ya moto. Sikujua, na sasa najua, na kujua kwangu kumechelewa miezi mitatu.

Fundi naye ana mipango yake. Amekwenda zahanati kuomba mafunzo ya siku ya pili yarudiwe, safari hii kwa kikundi kizima, na amesema hatapokea sare za mtu wiki hiyo. Anaomba pia muuguzi aje Jumamosi moja kila mwezi na ile mashine ya kutoboa kidole. Hajajibiwa. Mjane wa Tofali amekubali kuja kukaa kwenye benchi na kuwaambia wanaume habari za sisimizi. Fundi hajui kama watakuja wanane, au watatu.

Juzi nilimpelekea ile suruali nyeusi, aione. Aliigeuza, akaikuta mistari yake miwili, na wa tatu wa yule fundi mwingine. Akauvuta mshono kwa vidole, akauvuta tena.

"Huyu amekata," akasema.

"Amekata nini?"

"Kitambaa. Mimi nakunja, yeye amekata akatupa. Hata nikifumua yote, haitarudi kama ilivyokuwa."

Alifungua kasha la vipande, akaanza kupekua. Vyeusi vilikuwa vingi, lakini kila alichokiweka kando ya suruali kilikuwa cheusi cha namna nyingine. Mwishowe akachukua kimoja kilichokaribia, akakichomeka pini kwenye suruali, akaitundika msumarini karibu na ile ya kaki.

"Mwambie akianza kurudisha mwili aje nimpime," akasema. "Nitaweka kipande hiki nyuma. Kitaonekana, mama, sikudanganyi. Lakini atavaa."